Mgagani si mboga tu, uache utoe maua

Wengi wetu mgagani tunaujua sokoni, umefungwa mafungu. Wakisii wanauita chinsaga, Wajaluo dek. Maua yake wachache wameyaona, kwa sababu mkulima wa mboga huyakata yakiwa bado vitumba. Ni hasara. Ua lenyewe ni jeupe, mara nyingine lina waridi kidogo, na nyuzi zake zimechomoza ndefu kama miguu ya buibui. Hufunguka jua likizama, nondo nao wanaanza kuzunguka.

Shida kubwa ni mbegu. Iliyotoka kwenye ganda juzi hulala tu ardhini, halafu lawama zinamwendea muuzaji. Iweke pakavu miezi mitano au sita kwanza. Ukipanda, ichanganye na mchanga mkavu maana ni ndogo mno, uimwage kwenye vifereji vilivyoachana sentimita 30, na udongo wa juu usizidi sentimita moja. Samadi iliyooza vizuri usiibanie. Mgagani unapenda joto. Baridi ya Julai kule milimani huudumaza.

Miche ikijaa, ng'oa mpaka ibaki sentimita 15 kati ya mche na mche. Iliyong'olewa ndiyo mboga ya kwanza. Baadaye kata ncha ili itoe matawi, na uchume kila kitumba cha ua. Ikikosa maji hukimbilia maua, na majani yanabaki madogo, machungu.

Mstari mmoja usiuguse. Huo ni wa maua, nyuki na mbegu. Vuna maganda yakianza kuwa manjano. Ukingoja yakauke shambani yatapasuka, na msimu ujao utaung'oa mgagani katikati ya sukuma wiki, kama mimi.

Kuhusu dawa, mama aliyejifungua hupewa mgagani apate nguvu. Huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha ukalazwa kwenye maziwa mpaka asubuhi, uchungu ukapungua. Hilo nalifuata bila wasiwasi, ni chakula kizuri. Ila kuna wanaokamua majani mabichi na kutia maji yake kwenye sikio linalouma. Hapo sikubali. Majani hayo yakipondwa na kukaa kwenye ngozi huwasha hadi kuacha wekundu, sembuse ndani ya sikio la mtoto. Mpeleke zahanati.