Si lazima uhamie Nairobi

Dada, umeuliza kama mtu wa Amu, yaani Lamu, anaweza kuwa mtafiti wa sera za teknolojia bila kuhama. Anaweza, ila peke yake atachoka mapema. Jisogeze kwa vituo vya utafiti wa sera hizo: CIPIT pale Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, CIPESA ya Kampala, au Research ICT Africa ya Cape Town. Huko ndiko utapata mtu wa kukusomea rasimu kwa ukali, na mimi naliona hilo kubwa kuliko ruzuku.

Lakini usiende mikono mitupu. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Kenya ilizuia Huduma Namba, ule usajili wa watu wa kidijitali, kukusanya DNA na GPS ya mahali mtu anapoishi, na Nubian Rights Forum, shirika la haki za Wanubi wa Kenya, lilikuwa miongoni mwa waliopeleka kesi. Sasa hapa kwetu, nani asiyemjua Mbajuni wa visiwa vyetu aliyedaiwa karatasi za babu yake ndipo apewe kitambulisho? Anza hapo: nani anaachwa nje usajili ukihamia kwenye kompyuta? Orodhesha nyaraka zinazodaiwa, tena kwa mujibu wa wazee wenyewe, si wa tangazo la ukutani. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, omba mapema, kabla hujamhoji mtu yeyote.