Saa sita usiku, mtoto amezaliwa: majibu kwa wasomaji

Majirani zetu Wahindi hufunga siku nzima, kisha hula usiku wa manane. Ni sikukuu gani? (Msomaji, Tanga)

Ni Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa kwa mungu Krishna. Ni ya Wahindu, wafuasi wa dini ya Uhindu, si ya Wahindi wote. Mhindi anaweza kuwa Mwislamu au Mkristo. Husimuliwa kwamba Kansa, mtawala wa Mathura, alitabiriwa kuuawa na mtoto wa nane wa dada yake Devaki, akamfunga gerezani pamoja na mumewe. Mtoto akazaliwa usiku wa manane. Walinzi wakapitiwa na usingizi, minyororo ikafunguka, baba akamtia kapuni na kumvusha mto Yamuna hadi Gokul. Kwa hiyo wengi hungoja saa sita ndipo wafuturu.

Saa hiyo ikifika hufanywa nini hasa? (Msomaji, Mombasa)

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Mungu hutunzwa kama kitoto kichanga. Kengele hulia, pazia hufunguliwa. Sanamu ndogo ya Krishna anayetambaa, donge la siagi mkononi, huogeshwa kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, hufutwa, huvikwa nguo mpya na unyoya wa tausi, kisha hulazwa kwenye bembea ya maua. Kaskazini mwa India wapo wanaokata kikonyo cha tango, ndiyo kukata kitovu. Halafu watu hupanga foleni, hata wazee wenye mvi, kila mmoja avute kamba ya bembea. Jirani yangu Mgujarati aliwahi kunipa zamu. Kamba yenyewe ilikuwa uzi mwekundu tu, lakini nilivuta polepole, mkono ukiogopa kumwamsha mtoto.

Mbona tarehe hubadilika?

Mwaka 2023 ilikuwa Septemba 6 na 7. Mwaka 2024, Agosti 26. Huhesabiwa siku ya nane baada ya mwezi mpevu. Ila takriban kila miaka mitatu kalenda yao huongezewa mwezi mzima, ndiyo maana haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani.

Niliona picha ya nyayo ndogo nyeupe sakafuni. Ni za nini?

Hiyo ni desturi ya kusini, hasa Tamil Nadu. Mama huchovya ngumi kwenye uji mwepesi wa unga wa mchele, huigonga sakafuni kwa upande wa kidole cha mwisho, kisha huweka alama tano za vidole vya mguu kwa ncha ya kidole. Nyayo hutoka mlangoni hadi mahali pa ibada, zote zikielekea ndani: mtoto ameingia.

Na wale vijana wa Mumbai wanaopandana mabegani?

Huvunja chungu cha mtindi kilichotundikwa juu, kwa kukumbuka Krishna mdogo alivyoiba siagi. Wengine huanguka na kuumia vibaya, na walio chini ya miaka 14 hawaruhusiwi kupanda. Ninaunga mkono katazo hilo kwa moyo wote.

Mimi si Mhindu. Naweza kwenda?

Mahekalu mengi hukaribisha wageni, uliza kwanza. Vua viatu, usiingie na nyama wala mayai, na ukipewa tabaruku ya siagi na sukari, pokea kwa mkono wa kulia. Fika kabla ya saa sita.