Nzuri, ila...

Kiswahili kina ujanja wake. Ukiulizwa habari, sharti uanze na "nzuri". Hata aliyezika jana atajibu nzuri, avute pumzi, ndipo ije "ila". Nzuri, ila mtoto ana homa. Salama, ila mvua imeingia ndani. Kanisani tumezidisha. "Bwana Yesu asifiwe!" "Amina!" Basi, yameisha, na ila haitamkwi kabisa.

Mimi nilikaa miezi minne bila kuitamka.

Mume wangu alipata kiharusi alfajiri moja akijiandaa kwenda kuchukua bajaji. Presha alikuwa nayo siku nyingi, na dawa alizimeza akijisikia vibaya, akaziacha akipata nafuu. (Kama nawe una presha na ndivyo unavyofanya, acha kusoma ukameze dawa, utanikuta hapahapa.) Upande wa kulia ukalegea wote, na maneno yakapotea. Bajaji ilikuwa ya mkataba. Wiki ya pili mwenyewe akaja kuichukua, na simlaumu, naye ana watoto. Nikabaki na cherehani, watoto watatu, na mkopo wenye marejesho kila Alhamisi.

Jumapili nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda kuimba kwaya. Watu wakinisifu, "Dada, una imani!", nilitabasamu. Nyumbani nilikuwa nalia chooni, bomba likiwa wazi ili watoto wasisikie. Mhubiri mmoja aliyepita mtaani kwetu aliniambia mgonjwa hasemi kwa sababu mimi nina mashaka. Usiku ule nilijaribu kuondoa mashaka kwa nguvu, kama mtu anayejilazimisha kulala. Wote tunajua usingizi wa hivyo huwaje.

Kilichonifungua ni Zaburi ya 13. Ni fupi, aya sita tu, na katika mbili za mwanzo Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne. Hakuanza na nzuri. Alianza na ila yake, tena kwa sauti, na mwisho wa zaburi ileile anaimba. Habakuki naye ndivyo: anahesabu mtini usiochanua, shamba lisilotoa chakula, zizi lisilo na kundi, amalize hesabu yote ya hasara, ndipo aseme "walakini nitamfurahia BWANA". Sisi tunatanguliza furaha na kuificha taabu nyuma yake. Wao waliitaja taabu kwanza, kwa majina. Na ipo Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila walakini yoyote, na bado imo katika Biblia. Zipo siku nilizoisoma hiyo peke yake nikalala.

Kwa hiyo nikikushauri jambo moja tu, ni hili: mtafute mtu mmoja umwambie ila yako yote. Si jumuiya nzima, maana mengine yatarudi kwako yakiwa na pilipili. Mtu mmoja. Mimi nilimwambia mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu. Nilitegemea atafungua Biblia, yeye akaomba daftari la madeni. Hapo ndipo aibu iliponishika, kwa kuwa Alhamisi kadhaa nilikuwa nimelipa rejesho kwa kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, nikijiambia Bwana atafanya njia. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, hii si imani, hii ni hesabu mbaya." Tukaenda pamoja kwa wakopeshaji kuomba rejesho lipunguzwe na muda uongezwe. Mmoja alikubali. Mwingine alitutukana, tukarudi tunacheka njia nzima, mimi na mzee wa watu, sijui hata tulikuwa tunacheka nini.

Jambo la kupokea msaada lilinishinda zaidi. Jirani yangu muuza vitumbua alianza kuleta hotipoti jioni. Nikamwambia asijisumbue, tumeshakula. Akaiweka mezani. "Sijakuuliza kama mmekula," akasema, "nimeleta ugali."

Baadaye niliisoma upya barua kwa Wafilipi, ile tunayoipenda kwa sababu ya "furahini katika Bwana sikuzote". Nilikuwa nimeisikia mara nyingi bila kuona kwamba aliyeiandika amefungwa, na kwamba furaha yake ilifika na mzigo: Epafrodito alisafiri kumpelekea matumizi kutoka Filipi, akaugua njiani au huko huko, karibu kufa. Paulo anakiri wazi kwamba yule ndugu angekufa, yeye angepata "huzuni juu ya huzuni". Ni barua ileile. Mtu wa furahini sikuzote anajua kabisa kwamba kuna msiba ambao ungemlaza chini. Tena anasema kuwa radhi ni kitu alichojifunza, maana yake kuna siku hakukijua. Nikaipokea hotipoti.

Furaha yenyewe ilinijia bila kubisha hodi. Ilikuwa Desemba, sare za shule zimejaa, umeme wa LUKU umeisha. Cherehani yangu ni ya mguu, hivyo niliendelea kushona kola kwa tochi ya simu. Katikati ya kola ya tatu nikagundua naimba, na kwamba nimeimba muda mrefu. Deni lilikuwa palepale. Mgonjwa alikuwa palepale, amenigeuzia uso, ananisikiliza. Sikuwa nimejilazimisha. Tangu hapo sijamwambia mtu yeyote "furahi". Namwambia kaa na kazi yako, kaa na watu wako, sema na Mungu ukweli, na ukiona wiki zinapita huli, hulali, unatamani kufa, nenda hospitali kama ungeenda kwa malaria.

Tumaini nilichelewa zaidi kulielewa. Nilidhani kutumaini ni kuwa na uhakika kwamba mume wangu atapona. Kila tukirudi kwenye mazoezi ya viungo bila badiliko, tumaini lilipungua kama salio la simu. Paulo alipowaandikia Wathesalonike kuhusu wafu wao, hakuwakataza kuhuzunika. Aliwaambia wasihuzunike kama wasio na matumaini, akawakumbusha kwamba Yesu alikufa akafufuka. Tumaini lao lilikaa kwenye kaburi tupu. Langu lilikuwa limekaa kwenye vidole vya mkono wa kulia. Nilipolihamisha, niliweza kumsindikiza kliniki bila kuvikagua vile vidole njia nzima, na nadhani hata yeye alipumua.

Maneno yalirudi moja moja: maji, hapana, jina la mtoto wa mwisho. Mwezi wa tisa jumuiya ilikuwa zamu ya kwetu. Mwenyekiti, kwa mazoea tu, akamsalimia, "Habari za leo, baba?" Tukangoja, tukijua hajibu. Mume wangu akalisukuma neno taratibu, kama mtu anayesukuma gari lililozimika, macho yake kwangu mimi niliyempikia kwa masharti ya daktari.

"Nzuri," akasema. "Ila mboga... haina chumvi."