Savannah ghafla bila mpango: nenda, ila anzia kwenye lile kanisa lililojengwa na watumwa

Mkuu, umeuliza kama inafaa kutoka Atlanta Ijumaa jioni bila mpango wowote, watoto wawili nyuma ya gari, ukalale Savannah, mji wa pwani ya jimbo la Georgia, Marekani, siku mbili mwezi huu wa saba, au fukuto litawashinda. Wengi waliokujibu wamekushauri usubiri Novemba. Mimi nilikwenda hivyo hivyo mwaka juzi, mwezi huu huu. Nenda.

Siku ile nilitoka kazini saa tisa, mke wangu akasema amechoka kukaa ndani. Jirani yetu, mama wa Kikongomani aliyekulia Lubumbashi ila mama yake mzazi ni wa kabila la Bakongo, wa Matadi, magharibi mwa Kongo, alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Tukamwambia twende wote, akakimbia kuchukua mkoba. Saa kumi tuko barabarani. Ni kama kilomita 400, mwendo wa saa nne hivi kama hakuna foleni: barabara kuu ya I-75 mpaka Macon, halafu I-16 mpaka mjini. Baada ya Macon ni misonobari tu.

Njiani tulisimama kwa mzee mmoja anayeuza karanga za kuchemsha na maganda yake, sufuria kubwa juu ya jiko la gesi. Mimi ni mtu wa Tanga, karanga hizo nimezila tangu sijaanza shule, na harufu ya ule mvuke wa chumvi ilinirudisha stendi ya mabasi. Mzee akaziita goober. Jirani yetu akashtuka: "Nguba!" Kwa kina mama yake karanga ndiyo nguba. Neno la mzee lilitoka huko huko, likavuka bahari na watu waliofungwa minyororo, na linaishi mpaka leo pembeni ya barabara ya Georgia. Hapo ndipo safari ilipobadilika kwangu.

Kuhusu joto: ni la Dar mwezi wa pili, shati linanata mgongoni hata hujafunga mlango wa gari. Lakini mji umejengwa kwa namna inayokusaidia. Mwingereza James Oglethorpe, mwanzilishi wake, aliupanga mwaka 1733 kwa viwanja vidogo vya wazi katikati ya mitaa. Vilifika 24, vimebaki 22, na vingi vimefunikwa na mialoni mikubwa inayoning'inia majani ya kijivu kama ndevu. (Majani hayo ni jamaa ya nanasi, wala hayanyonyi mti.) Unatembea dakika tatu juani, unaingia kivulini, kuna benchi, watoto wanapumzika, mnaendelea. Toka saa moja asubuhi, saa tano ingia ndani, rudi nje saa kumi baada ya mvua ya radi. Beba maji mengi.

Sasa lile kanisa. First African Baptist, pale Franklin Square, kimoja cha vile viwanja. Jengo lilikamilika mwaka 1859, na waliolijenga ni watumwa, usiku, baada ya kumaliza kazi za mabwana zao mchana kutwa. Wanawake walibeba matofali kwenye aproni, ndivyo wanavyosimulia wenyewe kanisani. Ghorofani kuna viti vya mbao walivyovitengeneza, na ubavuni vina alama zilizochongwa kwa mkono. Ila kilichonishika kiko chini. Kwenye sakafu ya mbao ya ukumbi wa chini kuna vitundu vimetobolewa kwa mpangilio wa msalaba ndani ya umbo la almasi. Kanisa linasimulia kwamba chini yake walijificha watu waliokuwa wakitoroka utumwa, na vitundu hivyo viliwapa hewa. Mgeni asiyejua angeona pambo tu. Kumbe ni alama ya Bakongo ya mzunguko wa maisha: kuzaliwa, kuishi, kufa, kurudi. Jirani yetu alipiga magoti, akaweka kidole juu ya kitundu kimoja, akakaa hivyo kimya mpaka kundi likatangulia. Mwanangu wa miaka tisa akaniuliza, "Baba, walikuwa wanapumuaje watu wengi hivyo?" Nilikosa jibu.

Mwaka huo huo wa 1859, mwezi Machi, nje kidogo ya mji, kwenye uwanja wa mbio za farasi, mwenye mashamba mmoja, Pierce Butler, alipiga mnada zaidi ya watu 400 kwa siku mbili ili alipe madeni yake. Mvua ilinyesha mfululizo, na walioachanishwa na ndugu zao waliziita siku hizo wakati wa kilio. Kwa hiyo mkuu, usiishie kupiga picha majumba. Mtu aliyewahi kusimama Bagamoyo hawezi kuupita mji huu kama pambo. Pita pia Madison Square, uione nyumba ambamo viongozi weusi 20 wa makanisa walikutana na Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikielekea ukingoni, tarehe 12 Januari 1865. Walipoulizwa watu wao wanahitaji nini, wakajibu ardhi. Siku nne baadaye ikatoka amri ya kuzigawia familia za waliotoka utumwani hadi ekari 40 kila moja, na kabla mwaka haujaisha Rais Johnson akaanza kuirudisha ardhi hiyo kwa wamiliki wake wa zamani.

Chakula hakitakusumbua: wali mwekundu wa nyanya, kamba, bamia, kunde. Watoto wangu walikula kama wako kwa bibi.

Malazi ndiko tulikoumia. Hoteli moja ilituuzia chumba saa tatu usiku, kiyoyozi kibovu, na mapokezi walijua. Kataa kulipa kabla hujaingia chumbani ukasikia ubaridi.

Jumapili tulikwenda ufukweni kwenye kisiwa cha Tybee, jirani na mji. Njia ya kufika ni barabara moja tu, na bamvua ikiwa kubwa maji hupanda juu ya lami, basi tazama ratiba ya maji kupwa na kujaa kabla hujatoka. Jioni usubi wanauma kuliko mbu, wavishe watoto mikono mirefu. Kanisani nenda Jumamosi, maana Jumapili ni ibada, na uhakikishe saa za ziara kabla hujawasha gari.