Ekstensheni inachemka lakini breka haikati: shida ni ampea, si volti

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini ekstensheni yako ya mita 10 inachemka ukichomeka jagi la umeme na pasi kwa pamoja, plagi imeanza kuwa ya njano, na breka wala haishtuki. Pili, kama fundi yuko sahihi kusema volti zimezidi, ununue stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza volti. Stabilaiza usinunue.

Jagi umesema ni wati 2200, pasi 1200. Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Gawanya wati kwa volti upate ampea: jagi 9.6, pasi 5.2, jumla 14.8. Volti ni msukumo, upo kwenye soketi hata kama hujachomeka kitu. Ampea, yaani mkondo, ni kiasi kinachopita kweli kwenye waya, na kwa msukumo huo huo kinaamuliwa na ukinzani wa kifaa, yaani jinsi kinavyoubana mkondo, unaopimwa kwa omu: jagi lako omu 24 hivi, pasi omu 44. Ukichomeka cha pili umefungua njia ya pili, na mikondo yote miwili inalazimika kupita kwenye waya ule ule wa ekstensheni.

Waya wenyewe sasa. Ekstensheni nyingi za bei poa zina waya wa 0.75 mm², ambao kwa kawaida hupangiwa ampea 6. Mita 10 kwa mkondo ni mita 20, maana unaenda kwa layivu na kurudi kwa nyutro, na nyutro inabeba ampea zile zile (wanaodhani nyutro haina kitu ndio hupigwa shoti wakiikata njiani). Mita 20 za shaba nyembamba hivyo zina karibu omu 0.5. Joto ni ampea mara ampea mara omu. Pasi peke yake inazalisha wati 13.5 zilizotawanyika waya mzima, hutazihisi. Jagi na pasi kwa pamoja ni wati 110. Mkondo haujafika hata mara tatu, joto limepanda mara nane. Na kama waya umeuacha umeviringishwa, joto halina pa kutokea. PVC ya kawaida, ile plastiki inayofunika waya, imeundwa kwa nyuzi joto 70. Ikizidi sana inalainika, layivu na nyutro zinagusana.

Linganisha na madai ya fundi: volti zingepanda kutoka 230 hadi 250, joto lingeongezeka kwa asilimia 18 tu.

Breka haikati kwa sababu haiijui ekstensheni yako. Ya ampea 20 au 32 imewekwa kulinda waya wa 2.5 mm² ulio ukutani, na kwake 14.8 si kitu. Fyuzi ya ampea 13 ndani ya plagi nayo haikati papo hapo ikifika 13; ampea 15 zinaweza kupita humo muda mrefu sana. Kama kuna aliyeizungushia karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, basi hakuna ulinzi kabisa.

Plagi ya njano ni ugonjwa mwingine. Waya ukichemka wote kwa usawa, ni mwembamba. Pakichemka sehemu moja, hapo pamelegea. Skrubu iliyolegea ikiongeza omu 0.1 tu, kwa ampea 14.8 ni wati 22 kwenye sehemu ndogo kama punje ya mahindi. Huo ni moto wa chuma cha kulehemulia risasi.

Ukitaka kuthibitisha, pima volti kwenye ekstensheni ikiwa tupu, kisha washa vyote viwili. Kushuka kwa volti 7 au 8 kunakubaliana na hesabu ya juu. Ikizidi sana hapo, huenda kuna kiungo kibovu, au waya ni wa aluminiamu uliopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: shaba inabaki nyekundu mpaka ndani. Ukitaka kupima ampea kwa mita ya kubana, ile inayozunguka waya kwa nje, ibane waya mmoja tu, ukibana layivu na nyutro pamoja inasoma sifuri. Na mita ya kawaida ikiwa kwenye tundu la ampea usiichomeke kwenye soketi hata kwa sekunde moja, ukinzani wake ni karibu na sifuri, hiyo ni kama kugusanisha layivu na nyutro moja kwa moja.

Tengeneza nyingine kwa waya wa nyuzi tatu wa 1.5 mm², wa shaba. Kahawia layivu upande wa fyuzi, bluu nyutro, kijani na njano ethi, yaani waya wa ardhini. Ethi iache ndefu kidogo, ili waya ukivutwa iwe ya mwisho kuchomoka. Sokota nyuzi ndogo ndogo za kila waya, zikunje mara mbili, kaza skrubu kisawasawa. Usizipake risasi: risasi hubonyea taratibu chini ya skrubu na kiungo kinalegea chenyewe.

Hata hivyo jagi na pasi visikae pamoja humo, plagi bado ni ya 13. Jagi lichomeke ukutani moja kwa moja. Na kama plagi mpya itachemka tena kwenye soketi ile ile, meno ya soketi yameshalegea. Zima meni swichi, badilisha soketi.