Jinomu ya samaki wa porini: usikate kromosomu kabla hujaita mashahidi wote

Vijana wengi wakipewa mradi wa kusoma na kuunganisha jinomu (DNA yote) ya mnyama wa porini swali lao la kwanza huwa eti nitumie programu gani. Programu ni jambo dogo, hifiasm, inayounganisha vipande vya DNA vilivyosomwa, ukiwa na seva yenye memori ya kutosha unaiwasha jioni na muda si mrefu faili lipo. Kazi yenyewe iko kabla ya hapo na baada ya hapo, na ndo huko watu wanakoharibu. Mi nilifanya perege wa porini, jamii ya Oreochromis, ndugu wa huyu sato wa Nile anayefugwa kila mahali, kwa hiyo mifano yangu ni ya samaki.

Anza na sampuli jamani. Mashine za PacBio HiFi zinasoma DNA kwa vipande vya herufi elfu 15 hadi 20 kwa kila mara, na makosa ni machache sana, lakini kama DNA yako ishakatikakatika hakuna mashine itakayoirefusha. Samaki aliyekaa juani kwenye mtumbwi, au mnofu uliokaa stoo miezi kwenye spiriti, unaweza kutosha ukitaka jeni mojamoja, kwa kazi hii unakuangusha. Safari yetu ya kwanza tulirudi na sampuli za namna hiyo, ikabidi tutafute hela nyingine na turudi ziwani na tanki la naitrojeni. Chukua damu, kwa sababu chembe nyekundu za samaki zina kiini tofauti na zetu, tone dogo tu linatoa DNA ya kutosha, kisha chukua ini na misuli na vyote ugandishe palepale ufukweni. Na ikiwezekana samaki awe yuleyule mmoja kwa HiFi na kwa Hi-C (hii nitaieleza chini). Jinsia nayo iandike siku hiyohiyo, maana sato wa Nile dume ndo XY ila Oreochromis aureus jike ndo ZW, na huyo wako hujui bado.

Halafu kabla hujaunganisha chochote ujue unatafuta nini. Oreochromis kwa kawaida wana kromosomu 44, yaani jozi 22, na jinomu ya karibu herufi bilioni moja. Andika hizo namba ubandike ukutani. (Ukifungua jinomu ya sato utaona kromosomu zimepewa namba hadi 23, usishtuke, 21 haipo, ni historia ya ramani za zamani tu, hakuna kilichopotea.)

Sisi mara ya kwanza tulipata jinomu kubwa kuliko hiyo kwa zaidi ya robo, na nakumbuka tulifurahi sana, N50 (urefu ambao vipande vya kiasi hicho au zaidi vinabeba nusu ya jinomu) nzuri, faili nene. Kumbe mnyama wa porini nakala ya baba na nakala ya mama zinatofautiana kiasi kwamba programu inaziona kama sehemu mbili tofauti na inaziweka zote kwenye faili moja. Aliyetuamsha ni BUSCO. Hii ni programu yenye orodha ya jeni (tuliyotumia sisi ilikuwa na 3,640) ambazo kila samaki wa mifupa anatarajiwa kuwa nazo mojamoja, sasa kwetu nyingi zilitokea mara mbili. Tukapitisha purge_dups, programu ya kuondoa nakala zilizojirudia, tukachora grafu ya Merqury, inayolinganisha jinomu na vipande vilivyosomwa, ndo ukubwa ukashuka panapotakiwa. Ila usisafishe kwa hasira, kuna familia za jeni zinazojirudia kwelikweli na ukikaza sana zinaondoka nazo, kwa hiyo baada ya kusafisha angalia tena grafu uone kama kuna vitu vilivyomo kwenye ridi zako (vipande vilivyotoka kwenye mashine) ila kwenye jinomu havipo.

Sasa Hi-C, na hapa ndo nataka mtu atulie. Unazigandisha kromosomu kwa fomalini zikiwa bado ndani ya kiini, unazikata, halafu unaunganisha vipande vilivyokuwa vimekaa jirani. Vipande vya kromosomu moja vinagusana sana, na vilivyo karibu vinagusana zaidi, kwa hiyo programu ya YaHS inaweza kupanga kontigi (vipande virefu vilivyounganishwa na hifiasm) kwa kufuata huo ujirani. Inapanga vizuri lakini inakosea, na kosa la kuunganisha visivyo ndugu linapandisha N50, ndo maana N50 peke yake usiitegemee kabisa. Fungua ramani ya miguso hiyo kwenye PretextView, pitia mstari wa mshazari kromosomu moja baada ya nyingine, siku mbili tatu, kwa macho yako. Kontigi iliyogeuzwa kichwa chini utaiona alama yake inakaa kama mbawa za kipepeo. Iliyokaa kromosomu isiyo yake utaona inang'aa mbali kabisa na mstari.

Kilichonifunza zaidi ni kromosomu yetu kubwa kuliko zote. Nilikuwa natafuta TTAGGG, herufi zinazojirudia kwenye ncha za kromosomu za wanyama wenye uti wa mgongo, nikazikuta katikati. Nikajua tayari, YaHS imegundisha kromosomu mbili, nikashika mkasi. Mwenzangu akaniuliza umeangalia ramani? Ramani mahali pale haikuwa na mpasuko wowote, rangi inapita tu. Nikarudisha ridi za HiFi juu ya jinomu, zikapita pale moja kwa moja nyingi tu bila kukatika. Halafu nikakuta makala ya mwaka 2002 inayoonyesha kwa darubini kwamba sato wa Nile naye ana TTAGGG katikati ya kromosomu yake kubwa, inasadikiwa ni mabaki ya kromosomu zilizoungana zamani sana. Ningekata, ningekuwa na jozi 23 na hadithi ya uongo kuhusu samaki wetu, na ukishaweka jinomu hadharani kuna mwanafunzi ataijengea tasnifu yake.

Ndo maana pia nawaomba msipange kontigi zenu kwa kufuata jinomu ya sato eti kwa sababu ipo na ni nzuri. Ukifanya hivyo samaki wako lazima afanane na sato, na inversheni zake zote (sehemu za kromosomu zilizogeuka) umeshazifuta bila kujua, wakati huenda hizo ndo zilizomtenga na nduguze. Linganisha mwishoni, ukishamaliza.

Uchafu nao upo, bakteria wa utumboni na wa kwenye magamba, pitisha FCS-GX, programu ya kunasa DNA ya viumbe wengine, kabla ya kupeleka NCBI, hifadhi ya data za jinomu ya Marekani, haichukui muda. Kiwango cha Earth BioGenome Project, mradi wa kimataifa wa kusoma jinomu za viumbe, ni kontigi N50 ya herufi milioni moja na kosa lisizidi moja kwa kila herufi 10,000, ila hiyo QV, yaani kipimo cha makosa, usiipime kwa ridi zilezile ulizojengea, zitakusifia, tafuta hata ridi fupi kidogo za mashine ya Illumina za samaki huyohuyo.

Kila ulipokata, ulipogeuza, ulipohamisha, andika kwenye daftari na sababu yake, liweke pamoja na data. Na kontigi ambazo hazijapata kwao usizilazimishe kwenye kromosomu yoyote ili asilimia ipendeze. Ziache pembeni na jina la kontigi tu.