Nyumba ya magogo kando ya Ziwa Victoria: acha nafasi juu ya mlango

Anayetaka nyumba ya mapumziko ya magogo, mbali na watu, kando ya ziwa, kwa kawaida huanza kuchora dirisha la kutazama machweo. Aanze na futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ukingo wenyewe hautulii. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipita kina chake cha rekodi cha 1964, likaingia majumbani na kwenye mialo ya wavuvi. Kwa hiyo usipime kuanzia maji ya leo. Tafuta mstari wa magugu yaliyokauka na maganda ya konokono, uliza wavuvi maji yalifika wapi mwaka ule, ndipo uhesabu mita zako.

Mikaratusi haikosekani kandokando ya ziwa, lakini ukutani ni msumbufu: ikikauka inajipinda na kupasuka. Iache iwe nguzo. Ukuta uwe wa msindano ulionyooka, kipenyo cha sentimita 20 hivi. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kuta za mita 2.4 kinakula safu 13 au 14, kwa sababu kila gogo huchongwa likalie kidogo lile la chini yake. Safu moja ni magogo manne. Agiza 60, yapo yatakayoharibika. Menya magome mapema baada ya kukata, maana chini ya gome ndiko wadudu wa mbao hutaga mayai. Paka rangi nzito kwenye vichwa vya magogo yasipasuke, kisha yapange juu ya vipande vya mbao, kivulini, upepo upite, kwa miezi sita au zaidi.

Msingi ni nguzo fupi za zege, sentimita 60 juu ya ardhi, kila moja ikivishwa bati lenye kingo zilizokunjwa kuelekea chini, sentimita 5. Bati haliui mchwa. Linamlazimisha apitishe njia yake ya udongo kwa nje, mahali unapoweza kuiona ukimulika na tochi. Anayeegemeza kuni au ngazi kwenye ukuta amempa mchwa daraja la bure.

Mkato wa pembeni, pale magogo ya kuta mbili yanapokutana, uchongwe upande wa chini wa gogo la juu, ulikumbatie la chini kama kiganja kilichofunika. Mafundi wengi huchonga upande wa juu kwa kuwa ni rahisi kuona unachokata. Matokeo yake ni kibakuli, mvua inatuama humo na pembe inaoza kabla ya kitu kingine chochote. Panga pia mashina na ncha kwa kupishana, la sivyo ukuta utapanda upande mmoja.

Sasa mlango, ndipo nyumba nyingi zinapoharibikia. Gogo likikauka linapungua unene, si urefu. Ukuta mzima unashuka. Kwa magogo mabichi kadiria sentimita 6 kwa kila mita ya kimo. Yaliyokauka vizuri, nusu yake. Fremu ya mita 2 basi inahitaji pengo la sentimita 6 mpaka 12 juu yake, lijazwe usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na kufunikwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu. Fremu isipigiliwe misumari kwenye vichwa vya magogo: vichongee mfereji wa wima, ingiza ulimi wa mbao, fremu ishikwe na ulimi huo ili magogo yateleze kushuka. Ukipigilia, magogo ya juu yananing'inia kwenye fremu, yale ya pembeni yanashuka, na mwaka wa pili unaona mwanga wa jua kati ya safu huku mlango umegoma kufunguka. Nguzo za baraza nazo hazipungui urefu, hivyo ziwekee jeki ya skrubu chini, uishushe kidogo kidogo. Vinginevyo paa la baraza litabaki juu wakati nyumba inateremka.

Mianya inazibwa kama jahazi linavyokalafatiwa: pamba au usumba, sindilia kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Saruji hapana. Haichezi pamoja na mti, hupasuka, kisha hushikilia maji ya mvua nyuma yake. Rudia kalafati baada ya mwaka mmoja, ukuta ukishatulia. Paa lichomoze walau sentimita 90 nje ya kuta. Upande wa Bukoba, wenye mvua nyingi, ongeza.

Kuhusu kukaa humo: wadudu wa ziwani huinuka kama moshi na kufuata taa, kwa hiyo taa ya nje iwe mbali na mlango na madirisha yawe na wavu wa matundu madogo sana. Maji ya kuoga yakae saa 48 kwenye tangi lisilo na konokono, vijidudu vya kichocho vife. Ya kunywa yachemshwe. Kuogelea kwenye maji yaliyotulia yenye majani, achana nako, hasa viboko wakiwa jirani. Wao hupanda kula majani usiku, na njia yao unaitambua kwa mifereji miwili sambamba kwenye nyasi. Ukiikuta inakatiza kiwanja, sogeza nyumba.